Filamu ya "The Duchess" na ng'ombe wa Tororo: ndoa ya makubaliano ikivunjika, nani hulipa?

Filamu ya "The Duchess", iliyotoka mwaka 2008, inaanza katika bustani ya jumba kubwa nchini Uingereza. Wasichana wanawashangilia vijana wa kiume wanaoshindana mbio nyasini, na mmoja wao, Georgiana Spencer, ndiye anayecheka kuliko wote. Wakati huohuo, ndani ya jumba, mama yake ameketi na mwanamume asiyecheka hata kidogo. Wanazungumzia mkataba. Mwanamume anataka mtoto wa kiume wa kumrithi, na mama anamhakikishia kwamba atampata. Msichana anapopewa habari, shauri limekwisha: ameshaozwa.

Mtu wa Busia au Tororo anayeitazama sehemu hiyo hahitaji mkalimani. Mavazi ni ya karne ya 18 na nyumba ni ya mawe yaliyochongwa, lakini kikao chenyewe anakijua. Wazee wako ndani, binti yuko nje, na kati yao pana orodha ya vitu.

Filamu hiyo iliongozwa na Saul Dibb, nayo imetokana na kitabu cha mwanahistoria Amanda Foreman kilichochapishwa mwaka 1998. Keira Knightley anaigiza Georgiana na Ralph Fiennes anaigiza mumewe. Ilipata tuzo ya Oscar ya ubunifu wa mavazi, na tangu hapo wengi wamekuwa wakiitaja kama filamu ya magauni na kofia. Tunaitazama hapa kwa jicho jingine, kwa kuwa kiini chake ni swali ambalo watu wa Tororo walilipeleka mahakamani, wakapata sehemu ya jibu mwaka 2015. Mwanamke aliyeozwa kwa makubaliano ya mali akitaka kuondoka, nani hulipa, na hulipa nini?

Ni kweli kwamba filamu za namna hii hazijazi vibanda vya video vya mpakani. Upande wa Uganda wafasiri wa filamu, ambao watu huwaita VJ, husimulia kwa Kiganda. Upande wa Kenya, DJ Afro amejipatia jina kwa kusimulia kwa Kiswahili. Pande zote mbili mtazamaji analipia mapigano kwanza. Filamu ya mwanamke anayelia ndani ya hariri haina hata risasi moja, na msimulizi atapata tabu kuichangamsha. Hata hivyo ina jambo ambalo filamu nyingi za vita hazina, yaani sheria inayofanya kazi mbele ya macho yetu.

Jinsi Georgiana alivyofungwa

Georgiana alizaliwa mwaka 1757 katika ukoo wa Spencer, ukoo uleule alimotoka Diana, aliyekuwa mke wa Charles wa Uingereza. Juni 1774, alipokuwa akitimiza miaka 17, aliolewa na William Cavendish, Duki wa tano wa Devonshire. Duki ni cheo cha juu kabisa miongoni mwa mabwana wa Uingereza, na juu yake ipo jamaa ya mfalme tu. Mke wake huitwa dachesi. Sisi tunaotafsiri habari tumezoea kuviita vyeo hivi vyote "mwanamfalme", na hapo tunapotosha. Duki huyu hakuwa mtoto wa mfalme. Alikuwa bwana wa ardhi, majumba na wapangaji, ambaye cheo chake kingepita kwa mtoto wa kiume wa ndoa halali, na asipompata kingekwenda kwa upande wa ndugu yake. Tusipolielewa hilo hatutaelewa kwa nini alikuwa mkali hivyo kuhusu uzazi wa mkewe.

Ilimchukua Georgiana miaka 16 kumpa mrithi. Mabinti wawili walitangulia, mmoja mwaka 1783 na mwingine mwaka 1785. Mwana wa kiume alizaliwa Paris mwaka 1790. Katika muda huo alimlea binti ambaye mumewe alikuwa amemzaa nje ya ndoa. Kisha rafiki yake mwenyewe, Elizabeth Foster, akaja kuishi nao, akawa hawara wa duki na kumzalia watoto wawili. Wote watatu waliishi chini ya paa moja kwa miaka mingi.

Kwa nini hakuondoka? Filamu inamjibu mtazamaji kwa matukio, lakini jibu limo katika sheria ya Uingereza ya zama hizo. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabika kuwa mtu kamili mbele ya sheria, kwa kuwa hadhi yake ilikuwa imemezwa na ya mumewe. Mali aliyokuja nayo ilikuwa chini ya mume, isipokuwa ile ambayo ukoo wake uliiwekea ulinzi wa pekee katika mkataba. Talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria ya Bunge iliyotungwa kwa ajili ya ndoa hiyo moja, na karibu wote walioipata walikuwa wanaume. Kubwa kuliko yote, watoto walikuwa wa baba. Baba angeweza kumzuia mama asiwaone kabisa, na hakuna hakimu ambaye angemlaumu. Sheria ya kwanza iliyompa mama haki ya kuomba kukaa na watoto wake wadogo ilipitishwa mwaka 1839, na haki kamili ya mwanamke aliyeolewa kumiliki mali yake ilikuja mwaka 1882. Georgiana alikuwa amefariki tangu mwaka 1806.

Basi alipompenda mwanasiasa kijana Charles Grey, duki hakuhitaji kumpiga wala kumfungia mlango. Alimwekea chaguo: aende kwa Grey asiwaone watoto wake tena, au abaki. Georgiana alikuwa na mimba ya Grey. Alipelekwa ng'ambo, akajifungua mtoto wa kike nchini Ufaransa mwaka 1792, na mtoto akapelekwa kulelewa kwa wazazi wa Grey. Mwaka uliofuata Georgiana alirudi kwa mumewe. Grey aliendelea na siasa na hatimaye akawa waziri mkuu mwaka 1830. Ni serikali yake iliyopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1833. Kisa kilekile kilimpandisha mmoja na kumzika mwingine.

Hapa ninaona filamu imemkosea Georgiana kidogo. Inaligusia tu jambo ambalo kwa watu wa wakati wake lilikuwa kubwa, kwamba alikuwa mwanasiasa. Katika uchaguzi wa mwaka 1784 alizunguka mitaa ya Westminster akiwaombea kura Charles James Fox na wenzake, akiongea na wachinjaji na wauza duka, na magazeti yakamdhihaki kwa michoro ya matusi. Wala filamu haionyeshi vya kutosha madeni yake ya kamari, aliyomficha mumewe kwa miaka kwa kuwa yeye hakuwa na cha kulipia. Mwanamke huyo alikuwa na akili ya kuendesha chama, lakini hakuwa na shilingi iliyo yake.

Mama wa Kabaka aliyetaka kuolewa

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya Wazungu, tena ya zamani. Uganda ina kisa chake, na kilitokea wakati ambao babu na bibi za wengi wetu walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Irene Drusilla Namaganda, binti wa kasisi wa Kianglikana, alifunga ndoa ya kanisani na Kabaka Daudi Chwa wa Pili wa Buganda mwaka 1914. Chwa alifariki Novemba 1939, na mwana wao Edward Mutesa akachaguliwa kuwa Kabaka akiwa na miaka 15. Kuanzia hapo Drusilla akawa Nnamasole, mama wa mfalme. Ni cheo kikubwa chenye jumba lake, ardhi yake na maofisa wake. Lakini kilikuwa na masharti. Kwa mila, jumba la Nnamasole lilitenganishwa na la mwanawe kwa kijito cha maji yanayotiririka, na mwenye cheo hicho hakuruhusiwa kuolewa tena wala kuzaa tena. Tumbo lililomzaa Kabaka lilihesabiwa kuwa limekwisha kazi yake.

Mwaka 1941 Drusilla aliamua kuolewa na Peter Kigozi, mtu wa kawaida asiye wa jumba la kifalme. Kwa kanisa hakukuwa na kosa, maana mjane yu huru, na Askofu Cyril Stuart aliikubali ndoa hiyo. Katikiro Martin Luther Nsibirwa, ambaye alikuwa miongoni mwa waangalizi wa ufalme kwa sababu Mutesa alikuwa bado mdogo, naye hakuizuia. Ndoa ikafungwa, na Buganda ikawaka moto. Wako waliolia kwa ajili ya mila, na wako waliopata fimbo ya kuwapigia mawaziri ambao walikuwa wamewachoka kwa mambo mengine. Drusilla alipoteza cheo chake. Nsibirwa alilazimika kujiuzulu mwaka huohuo. Alirudishwa madarakani mwaka 1945, na Septemba 5 ya mwaka huo akapigwa risasi na kuuawa kwenye kanisa kuu la Namirembe. Mauaji hayo huhusishwa zaidi na ugomvi wa ardhi ya Makerere, lakini jina lake lilikuwa limetiwa doa tangu harusi ile.

Tofauti na Georgiana, Drusilla alipita mlangoni. Bei ya kupita ilikuwa cheo, na aliilipa mwenyewe pamoja na mwanamume aliyemruhusu.

Ng'ombe ambao tayari wamekwisha kuolea

Mwanamke wa kijijini hana cheo cha kuvuliwa, ila ana wazazi. Katika jamii nyingi za Tororo na Busia, Wajapadhola, Wateso, Wasamia na Wanyole miongoni mwao, ndoa ya kimila hukamilishwa kwa ng'ombe, mbuzi, fedha na vitu vingine vinavyotolewa na upande wa mume. Mila ilikuwa na sharti lake la kutokea: ndoa ikivunjika, vitu vile virudi.

Sharti hilo likitajwa hivihivi linaonekana la haki. Nilichukua changu, nakurudishia chako. Ugumu unaonekana mtu akiwafuata ng'ombe wenyewe. Mmoja alichinjwa siku ya sherehe. Mwingine aliuzwa kulipa karo au matibabu. Wawili au watatu walikwenda kwa ukoo mwingine, kwa sababu kaka wa bibi harusi naye alitaka kuoa, na ng'ombe wa dada ndio waliomtafutia mke. Sasa dada amepigwa, amerudi nyumbani usiku na mtoto mgongoni. Baba yake akimpokea, atatakiwa kurudisha ng'ombe asio nao; akitaka kuwapata, ndoa ya mwanawe wa kiume inatikisika pia. Ndiyo maana wazazi wengi, bila kuwa watu wabaya, walimwambia binti yao: rudi kwa mumeo, vumilia. Miaka aliyolima shamba la mume, kupika, kuzaa na kulea haikuhesabiwa popote katika hesabu ile.

Shirika la MIFUMI, lililochukua jina la kijiji cha Mifumi wilayani Tororo, lilianza kwa kuwasaidia wanawake waliokimbia vipigo, na kila mara likakutana na ng'ombe walewale njiani. Mwaka 2001 liliendesha kura ya maoni kuhusu mahari katika wilaya ya Tororo. Mwaka 2007 shirika hilo pamoja na watu wengine 12 walifungua kesi katika Mahakama ya Katiba dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, wakidai kwamba desturi ya kudai mahari na ile ya kuirudisha zinakiuka Katiba ya mwaka 1995. Wakili Kenneth Kakuru alijiunga na kesi kuitetea mila. Mwaka 2010 walalamikaji walishindwa kwa wingi wa majaji. Ni Jaji Amos Twinomujuni peke yake aliyeona kwamba kurudisha mahari kunavunja Katiba. Wakakata rufaa.

Agosti 6, 2015, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wenye sehemu mbili, na ni muhimu kuzitenganisha, kwa sababu barazani watu huzichanganya. Kwanza, mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Majaji wengi walikubali kwamba watu wazima wanaoafikiana kuoana kwa mila wana uhuru wa kutoa na kupokea. Jaji Esther Kisaakye alitofautiana nao katika hilo. Pili, kudai mahari irudishwe kama sharti la kuvunja ndoa ya kimila ni kinyume cha Katiba. Hoja iliyosikika zaidi ni kwamba kurudisha mahari kunamfanya mwanamke aonekane kama kitu kilichoazimwa, ambacho kikirejeshwa mwenye mali hupewa chake, ilhali Katiba inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana.

Neno moja, mambo mawili

Anayeitafsiri hukumu hiyo kwa Kiswahili hugonga jiwe kwenye neno "mahari", na jiwe hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Kwa Waislamu, na wengi wa wanaotusikiliza ni Waislamu, mahari ni haki ya mke mwenyewe. Anapewa yeye, si baba yake. Watu wa pwani walikuwa hata na jina la pekee, kilemba, kwa kile anachopewa baba wa bibi harusi, ili vitu hivi viwili visichanganyike. Ng'ombe wanaokwenda kwenye zizi la mzee ni jambo la tatu. Kiswahili cha bara kimeyaita yote mahari, nasi tumefuata.

Matokeo yake, msikilizaji wa Busia anaweza kusikia kwamba "mahakama imekataza kurudisha mahari" na kudhani kwamba khului imeguswa, yaani mke wa Kiislamu kujivua katika ndoa kwa kumrudishia mume mahari aliyompa. Kesi ya MIFUMI ilihusu ndoa ya kimila. Na hata kwa mantiki tu, hali hizo mbili hazifanani. Katika khului anayerudisha ndiye aliyepokea, naye anajua alichonacho mkononi. Katika ng'ombe, anayetaka kuondoka ni mmoja na aliyepokea ni mwingine, na uhuru wa wa kwanza unategemea zizi la wa pili.

Mpaka mmoja, sheria mbili

Ndoa za hapa huvuka mpaka kila siku. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso hali kadhalika, na bibi harusi anaweza kutoka Tororo akaolewa Amagoro au Matayos. Upande wa Kenya hakuna hukumu ya MIFUMI. Sheria ya huko imeingia kwa mlango mwingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inatoa haki sawa kwa wanandoa hadi wanapoachana, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kwamba pale mila inapotaka mahari ili kuthibitisha ndoa, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Kenya, kwa maneno mengine, imepunguza uzito wa kinachotolewa mwanzoni, ilhali Uganda imeondoa deni linalodaiwa mwishoni.

Kwa aliye Uganda, jambo la kujua ni hili. Mabaraza ya mitaa yana mamlaka ya kisheria kusikiliza mashauri kadhaa ya kimila, likiwemo la hadhi ya mwanamke katika ndoa, na huko ndiko mume aliyeachwa hupeleka dai lake la ng'ombe kwanza. Uamuzi wa Mahakama ya Juu unazifunga mahakama zote zilizo chini yake, na hayo mabaraza yamo. Mwenyekiti hawezi kumwambia mwanamke kwamba ndoa yake haitavunjwa mpaka ng'ombe warudi. Wazazi wakiamua kwa hiari yao kurudisha kitu ili kutunza ujirani, hilo ni lao, lakini halimfungi binti.

Linabaki suala la watoto, ambalo hukumu ya mwaka 2015 haikuliamua. Katika mila za pande zote mbili za mpaka, ng'ombe wakishatolewa watoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa baba, na mwanamke anayeondoka husikia maneno yaleyale aliyoyasikia Georgiana: nenda, lakini waache. Sheria za Uganda na Kenya kuhusu watoto hazisemi hivyo. Zote zinaweka mbele maslahi ya mtoto, na hakimu ndiye anayepima akae na nani. Ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, au wa watoto kwa upande wa Kenya, ndiye wa kuendewa kwanza, kabla ya kikao cha ukoo kugawa watoto.

Katika filamu, tukio hilo halina mahakama. Magari mawili ya farasi yanakutana njiani mahali pasipo na watu, Georgiana anashuka na kichanga mikononi, na baba yake Grey anampokea mtoto. Msimulizi yeyote wa kibandani akifika hapo, nadhani ataacha picha zijiseme zenyewe.